Msimu Tulioogopa Kushinda

Mtu wa jimbo la Ohio alitufikia Jumamosi moja ya mwezi Mei, magari ya mbio yakiwa yameshapangwa uwanjani, bila yeyote kumtarajia. Alishusha gari lake la bluu kutoka kwenye trela, akaomba nafasi ya nyuma kabisa, akapewa. Alimaliza wa tano. Hakuna aliyemtazama mara ya pili. Lakini Delmas Ratliff, mshindi wa siku ile, alipokuwa bado amekaa juu ya boneti akipigwa picha na mkewe, yule mgeni alitembea taratibu hadi kwenye mnara wa waamuzi, bahasha mkononi, akasema anataka kununua injini ya mshindi.

Uwanja mzima uligeuka kumtazama. Hata muuza soseji aliacha kugeuza soseji.

"Unatania, mzee?" Delmas aliuliza.

"Sitanii. Naitwa Lyle Dietsch. Winchi ya kuinulia ninayo mwenyewe, usihangaike."

Alikuwa na haki. Hapo uwanjani kwetu, Pine Gap, katika mbio zetu za magari madogo ya silinda nne, sheria ilisema dereva yeyote aliyemaliza mbio anaweza kununua injini ya mshindi kwa bei ndogo iliyopangwa. Mshindi akikataa, ushindi unafutwa na yeye anafungiwa. Sheria hiyo aliipendekeza baba yangu, Orville Sluss, miaka mingi nyuma, kwenye mkutano uliofanyika katika ukumbi wa kanisa. Alitaka mchimba makaa aweze kushindana na mtoto wa tajiri. Nani atamwaga mali yake kwenye injini inayoweza kununuliwa kesho kwa bei ya jiko kuukuu? Wote walipiga makofi. Na kwa kuwa wote tulijuana, hakuna aliyewahi kuitumia. Kununua injini ya jirani kulikuwa sawa na kumwondolea mtu sahani mbele yake huku bado anatafuna.

Baba alikuwa amekaa kando ya uzio, mtungi wake wa oksijeni miguuni. Alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka nikaogopa.

"Nilidhani nitakufa kabla sijaiona ikifanya kazi," alisema.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nikiwaza injini iliyokuwa ndani ya gari langu.

Tuliitengeneza majira ya baridi yaliyotangulia. Nilikuwa nimemaliza chuo cha ualimu, nikarudi nyumbani kungoja nafasi ya kufundisha, nikakuta mapafu ya Baba yamejaa vumbi la makaa kiasi kwamba kupanda ngazi tatu kulimfanya ashike ukuta. Mtungi wa oksijeni haukuruhusiwa kuingia gereji, kwa sababu ya petroli na cheche. Kwa hiyo aliuacha mlangoni, karibu na kiti chenye blanketi. Alivua mrija puani, akaingia, akafanya kazi mpaka pumzi ikamwishia, kisha akatoka kukaa barazani huku midomo imegeuka rangi ya bluu. Nilimfungia blanketi magotini. Theluji ilianguka kwenye kofia yake.

"Ingia uendelee," alikuwa akisema mara sauti ikirudi. "Usinitazame mimi. Mimi siyo injini."

Nilipokaza bolti, alisikiliza kutoka nje. "Inatosha! Hiyo unaikaza au unainyonga?"

Pistoni moja, mapumziko. Vali mbili, mapumziko. Hakuna kilichofungwa ndani ya chuma kile ambacho hakikumgharimu. Tulipoiwasha mara ya kwanza, mwezi Machi, alifumba macho kama mtu anayesikiliza kwaya.

Dietsch aliondoka na injini ya Delmas, na mwezi Juni akachukua nyingine. Baada ya hapo msimu uligeuka kuwa kitu ambacho sijakiona mahali pengine. Watu wakaanza kukimbia ushindi. Kila mtu aliitaka nafasi ya pili, yenye pointi nzuri na isiyoguswa na mtu. Siku moja ya Julai, Delmas na binamu yake walifika kona ya mwisho wakiwa mbele ya wote, na kila mmoja akaanza kukanyaga breki ili mwenzake apite. Walifika mstarini wakitambaa kama watu wanaotafuta namba ya nyumba. Watazamaji walirusha vikombe vya karatasi.

"Pita wewe!" Delmas alimfokea mwenzake dirishani.

"Wewe ndiye mkubwa, tangulia!"

Watu walicheka sana. Baba hakucheka. Alitazama lami iliyojaa vikombe, akaniomba nimpeleke nyumbani.

Mimi pia nilimaliza wa pili wiki iliyofuata, na iliyofuata tena. Baba yangu mdogo, Hobart, ndiye aliyekuwa juu ya jukwaa na redio, akiniongoza. "Wa pili, Renda," sauti yake ilikuwa ikininong'oneza sikioni kila Jumamosi. "Wa pili inatosha, mwanangu."

Mwezi Agosti Baba alilazwa. Nilimkuta amegeukia dirisha lililotazamana na maegesho ya magari, na nikajua alikuwa akisikiliza injini za wageni.

"Zile mbio za mwisho nilizokuja," alisema bila salamu, "kona ya tatu ulikuwa na njia."

"Niliiona, Baba."

"Mguu ukaachia mafuta. Niliusikia kutoka kwenye uzio."

Nilinyoosha shuka lisilokuwa na mkunjo.

"Naogopa wataichukua," nilisema mwishowe.

Alivuta pumzi, akasubiri, akavuta nyingine. "Niliitengeneza ikimbie, Renda. Kama ningetaka pambo, ningekuchongea ndege wa mbao." Akanishika kidole kimoja, kwa sababu mkono mzima ulikuwa mzito kwake. "Niahidi kitu kidogo. Ukijikuta uko mbele, usiachie mafuta. Basi. Mengine yaache yaende yanakoenda."

"Nakuahidi."

"Siyo kwa sababu naumwa?"

"Siyo kwa sababu unaumwa," nilisema, ingawa ilikuwa kwa sababu hiyo hasa.

Alifariki mwezi Septemba, majani ya juu mlimani yakiwa yameanza kuwa mekundu.

Mbio za kufunga msimu zilikuwa Jumapili mchana, Oktoba, jua kali lisilo na joto. Kwenye mzunguko wa kujipanga, madereva waliiacha wazi nafasi ya mbele kabisa, kama inavyofanyika pale mtu wa uwanja anapoondoka. Tulizunguka polepole nyuma ya nafasi ile tupu, kofia za watazamaji zikiwa vifuani, na nilipoitazama machozi yalinijaa ndani ya helmeti, mahali ambapo huwezi kuyafuta.

Kabla ya hapo Hobart alikuwa ameinama dirishani kwangu.

"Nguo zake tumezigawa," alisema. "Kiti chake nimekichukua mimi. Lakini mikono yake imo humu. Ukimpa yule mtu, tumebaki na nini?"

"Nilimwahidi, Baba mdogo."

"Mgonjwa husema mengi. Hata mimi aliniambia nioe." Alijaribu kucheka, ikashindikana. "Wa pili, Renda. Nakuomba. Siyo kwa ajili yangu."

Lakini ilikuwa kwa ajili yake, na nilimpenda kwa hilo. Nilishika usukani nikiwa sijui nitafanya nini.

Mbio zilienda kama zilivyokuwa zimezoea kwenda msimu ule. Magari mawili yaliongoza kwa woga, yakiviziana, na kila yalipokaribia kuachana yalipunguza mwendo. Mizunguko michache kabla ya mwisho yakagusana kwenye kona ya pili, yakateleza kwenda juu ukutani, na lami ikabaki wazi mbele yangu, kijivu, bila mtu. Kwenye kioo nikaona rangi ya bluu. Dietsch.

"Mpishe," Hobart alisema sikioni. "Renda, mwache apite. Yuko upande wako wa ndani. Mwache."

Bendera nyeupe ikapeperushwa. Ulibaki mzunguko mmoja. Kwenye kona ya tatu kila mtu huinua mguu kidogo, hata mashujaa; ni sehemu ambayo gari linakuuliza kama una uhakika. Nilisikia injini ikipanda, safi, bila kigugumizi hata kimoja, na sikuwaza sheria wala ushindi. Niliwaza yule mtu aliyefungiwa blanketi magotini, anayesubiri pumzi ili aingie tena ndani.

Sikuachia.

Watu walikuwa wamesimama. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Juni kuona mtu akivuka mstari ule kwa kasi yake yote, na kelele zao zilinifikia hata ndani ya helmeti.

Dietsch alikuja akiwa amevua kofia. Bahasha ilikuwa mfukoni. Aliificha nusu, kama mtu anayeionea haya.

"Pole kwa msiba, dada. Niliwahi kukaa naye pale uzioni. Aliniambia injini bora uwanjani ni hii yako. Aliisifia mpaka kibanda cha kahawa kikafungwa."

"Alikuambia wewe?"

"Mimi mwenyewe. Akacheka."

Hobart alikuwa amefika, spana mkononi, macho mekundu. "Mzee, wewe una moyo kweli?"

"Ninao," Dietsch alisema kwa upole. "Na nina msimu mwingine mwakani, na sina fundi kama huyo." Akanigeukia. "Unaweza kukataa. Sitakulaumu."

Ningekataa, wangefuta jina langu ubaoni, na mzunguko ule wa mwisho ungekuwa haujatokea. Nilinyoosha mkono kwa Hobart. Aliifuta spana kwenye suruali yake, akanipa.

Nilifungua bolti zote mwenyewe, taratibu, nisiharibu kitu. Injini ilipanda kwenye mnyororo wa winchi, ikazunguka kidogo hewani, ikashuka kwenye trela ya mtu wa Ohio. Alifunga turubai. Alipunga mkono. Vumbi la njia ya kutokea lilichukua muda kutulia.

Gari letu lilibaki limeinua pua, kwa kuwa halikuwa tena na uzito wa mbele. Hobart alienda upande mmoja, mimi upande mwingine, tukalisukuma hadi kwenye trela yetu. Hatukuhitaji kuita mtu wa kutusaidia.