Bado Hatujafungua

Bolti ya kwanza ilitoka bila taabu. Ya pili ndiyo iliyomtoa Kristina jasho.

Lori la mzee Uweso lilikuwa likivuta kushoto, na gurudumu la mbele la upande huo likipata moto mtu hawezi kuligusa. Kalipa, kile chuma kinachobana pedi za breki, ilikuwa imekamata. Kalipa nyingine Uweso alikuwa ameshaileta. Ilibaki kuitoa hii ya zamani, nayo ilishikwa na bolti mbili tu. Lakini lori hilo lilikuwa limebeba chumvi miaka mingi, na kutu ilikuwa imeingia mpaka kwenye meno ya bolti. Kristina alichomeka bomba kwenye mpini wa spana ili apate nguvu, akavuta, na spana ikateleza. Alipoinama kutazama, kichwa cha bolti kilikuwa kimelika pembe zote, kimekuwa duara kama kitumbua.

"Imekuwaje?" Uweso aliuliza.

"Imelika, baba. Ni mimi. Nilipaswa kuilowesha mafuta kwanza, nisubiri."

Uweso alichuchumaa kando yake. Hakugomba, na hilo lilimuumiza Kristina kuliko kugombwa. Fundi Rafaeli, mwenye gereji, alikuwa msibani Muheza. Gereji hii ya Makorora alikuwa amemwachia yeye, binti aliyetoka chuoni mwaka jana, ambaye mpaka leo akiitwa "fundi" hugeuka kutazama nani ameitwa.

"Kesho mapema natakiwa Mkwaja," Uweso alisema. "Dada yangu Mwanamkasi anatoka eda. Tangu afiwe na mumewe amekaa ndani, kwa wakwe. Nilimwambia, siku ukitoka, utanikuta mlangoni nimekuja kukuchukua na vitu vyako. Wazazi hatuna. Nisipokuwapo mimi, atamtazama nani?" Kisha akasema taratibu, "Au tuizibe breki ya upande huu, niende hivyo hivyo?"

"Hapana, baba." Sauti ya Kristina ilikuwa ndogo, lakini haikuyumba. "Dada mwenyewe atarudi ndani ya lori hili."

Wakaendelea. Walimwaga mafuta, wakagonga pembeni kwa nyundo ili kutu iachie. Walipigilia spana ndogo ya boksi kwenye kile kichwa kilicholika, ikazunguka bure. Walijaribu tindo, ikachonga chuma na bolti isitikisike. Adhana ya magharibi ikawakuta hapo. Uweso alikula tende moja, akanywa maji, akaenda msikitini. Simu yake aliiacha ikichaji juu ya meza.

Njia moja ilikuwa imebaki, na Kristina aliijua: kuchomelea nati juu ya bolti, upate kichwa kipya cha kushika. Banda la Sabiri, mchomeleaji, lilikuwa hapo hapo, ukuta kwa ukuta. Lakini Sabiri alikuwa amefunga banda, ameenda kufuturu. Kristina alilitafuta jina lake kwenye simu, akalitazama, akaizima. Utamwinuaje mtu mkekani mwezi wa Ramadhani?

Simu ya Uweso ikalia. Alikuwa mkewe, Semeni.

"Shikamoo, mama. Baba yuko msikitini. Mimi ni Kristina wa gereji."

"Marahaba, mwanangu. Haya, mmefungua?"

"Bado, mama," Kristina alisema. "Bado hatujafungua. Tumejaribu kila kitu."

"Kila kitu! Hata maji hakuna?"

"Maji hayasaidii, mama. Labda mafuta."

"Subhanallah!" Simu ikakatika.

Uweso alikuwa ndiyo kwanza amerudi pikipiki iliposimama mlangoni. Alishuka Sabiri, kakumbatia hotipoti kifuani, na chupa ya uji imening'inia mkononi.

"Shemeji, una nini?" alimwambia Uweso. "Dada Semeni kanipigia mbiombio. Eti mpaka saa hizi hujafungua, tone la maji hamna, na huyu binti anasema maji hayatoshi, anataka vya mafuta. Basi nimeleta sambusa na bajia!"

"Mimi nimefungua zamani!" Uweso alisema.

Kristina alijiziba mdomo. "Ni bolti," alisema. "Mimi nilikuwa nasema bolti."

Sabiri alilitazama gurudumu, akamtazama binti, kisha akacheka mpaka akaiweka hotipoti chini. Uweso naye akashindwa kujizuia, na Kristina, aliyekaribia kulia tangu alasiri, akacheka kuliko wote.

"Na mimi niko ukuta huu hapa," Sabiri alisema. "Mbona hukunipigia?"

"Niliona haya, kaka. Ulikuwa unafuturu."

"Haya zako zingemwacha mtu barazani Mkwaja. Kula kwanza, fundi. Najua na wewe hujala, umetustahi sisi tuliofunga mchana kutwa."

Ni kweli, hakuwa amekula. Hakujua kwamba kuna aliyemwona.

Baada ya kula Kristina alichomoa waya wa betri, akafuta mafuta yote yasije yakashika moto, akaufunika mpira wa breki kwa kitambaa kibichi. Sabiri aliweka nati, akaichomelea katikati mpaka ikawa kitu kimoja na bolti. Wakasubiri wekundu ufifie. Kristina alitia spana, akakaza kidogo kwanza, kisha akarudisha. Bolti ililia. Ikasogea. Ikaja.

"Alhamdulillahi," Uweso alisema, akakaa chini kama aliyetuliwa mzigo.

Kalipa mpya ilipokaa, Kristina alilala chini kutoa hewa kwenye breki. "Kanyaga, baba. Shikilia. Achia." Na kila Uweso alipokanyaga, alisema, "Asante, mwanangu," kana kwamba ni sehemu ya kazi.

Kesho yake alasiri lori lilisimama mbele ya gereji, limejaa kitanda, vyungu na mabunda ya nguo. Mwanamkasi aliteremka polepole, akikunja uso kwa jua.

"Ndiye wewe? Nilifungua mlango, nikamkuta kaka yangu kasimama." Akamshika Kristina mkono. "Mama yako anaitwa nani? Nataka nikiomba dua niwataje wote wawili."

"Imakulata," Kristina alisema, akitazama chini.

"Ima..." Mwanamkasi alianza, akasita. "Hebu rudia. Nisije nikamkosea."

Kristina akamtamkia tena, polepole.