Mpira Bado Mkononi

...kwenye taya, hapo chini ya sikio ambapo helmeti inaishia, si mbavuni tena, mbavu zina nyama na nyama inasahau, kwenye taya mpira ukifika unavunja, nitausikia mlio nikiwa hapa hapa kwenye kilima cha mrushaji, hatua kumi na nane, kama kijiti kikavu, kisha atakaa chini kwenye mchanga huu wa Mawaleh, ugenini huku, na meno yake kiganjani... kidole cha shahada kwenye mshono, cha kati kwenye mshono, bega linawaka, bega lililobeba makreti ya vitunguu wiki nzima sasa linaomba kitu kimoja tu, Yaqdhan, huyo hapo mbele na gongo lake, bwana wa nyumba anamofanya kazi dada yangu... oya Leodegar, umeganda nini mzee, tupa basi, ni Noel huyo, mdakaji wangu, amechuchumaa nyuma ya Yaqdhan, ameitanua glavu katikati, ananiomba mpira wa kistaarabu, hajui, hapa uwanjani hakuna anayejua, maofisa dhidi ya watu wa ghala, ligi ndogo ya besiboli ya Ijumaa, wanadhani tunacheza... na dada yangu Pelagia yule pale pembeni ya gari jeupe, amempakata Bashayer, mtoto wa Yaqdhan, mikono ya gauni imeshuka mpaka vidoleni katika joto hili, na ndani ya mkono wa kushoto najua mimi kilichomo, nimeona picha, akaniambia futa, sikufuta, alama ya pasi, pembe tatu nyekundu na matundu ya mvuke yamejipanga ndani yake, nimeyahesabu, ni kumi na saba... nilichelewesha kuipiga pasi dishdasha yake, ile kanzu yake nyeupe, alininong'oneza kwenye simu, ilikuwa Jumamosi, jana jioni aliporudi, alisema, na usimwambie mtu, wasijue kama wewe ni mdogo wangu, watanibana zaidi... kwa hiyo kipindi cha kwanza nilimpiga mbavuni, kwa makusudi, nikasikia pumzi ikimtoka kama gunia linapodondoshwa, nikafurahi, Mungu wangu nilivyofurahi, halafu mkono wangu, mkono huu mpumbavu, ukapanda wenyewe ukavua kofia, nikainama, kwa sababu ndivyo alivyotufundisha mwalimu Mjapani shuleni Dar es Salaam, ukimpiga mpigaji unavua kofia, unainama, hata mvua ikinyesha, miaka sita ya kuvua kofia, na kabla sijajua nafanya nini nilikuwa nimeshamwomba radhi mtu aliyemchoma dada yangu, naye akacheka ameshika ubavu, hamna neno, sheikh wangu, mie nna mbavu za chuma, timu zote mbili zikapiga makofi, Pelagia hakupiga, Pelagia alitazama chini, nikadhani anaionea aibu ile kofia... sasa nimeivua mapema, iko chini ya kisigino changu, mkono ukipanda safari hii ukute nywele tu, taya, chini ya sikio, vuta pumzi, nyanyua goti... leo hanitoi, wallah, Yaqdhan anamwambia Noel, nusu nasikia nusu upepo unachukua, unakumbuka ile Ijumaa kanitoa mara tatu, nlirudi nyumbani sina sura, siku ile kila mtu nyumbani kanijua mie nani, na Noel anacheka, mara tatu kweli bosi, mpira hukuugusa, ulirusha gongo hadi barabarani... goti linashuka... ile Ijumaa, niliwatoa watu kumi na mmoja ile Ijumaa, sijawahi kurusha vile maishani, mpira ulikuwa unanitii kama mbwa, Noel akanibeba mgongoni, tukanunua kuku, nikalala nikicheka, na asubuhi yake simu ikalia, asubuhi yake, Jumamosi, jana jioni aliporudi, alisema, aliporudi kutoka wapi, Leodegar, alirudi kutoka hapa, kutoka kwenye mkono wako, haikuwa dishdasha, mara tatu ulimtoa na mara zote tatu zikaingia kwenye pasi... kwa hiyo Pelagia hakuwa anaionea aibu kofia, alikuwa anaufikiria ule ubavu, akijua nani ataulipia leo... mpige taya, utarudi kwake, mtoe, utarudi kwake, mpe laini aupige hadi baharini, ni nafuu ya wiki moja tu, mpira wowote ninaorusha unakwenda hatua kumi na nane kisha unapinda, unapita lile gari jeupe, unaingia jikoni, unamkuta amesimama mbele ya meza ya pasi... wewe, umekufa umesimama, anafoka Noel, tupa, jua linaondoka, na liondoke, mradi mpira umo kiganjani mwangu mchezo haujaisha, mchezo haujaisha gari halijawashwa, pasipoti yake imo kwenye droo yao, na ikae, leo haingii kwenye lile gari, haingii... nainama, naokota kofia, naikung'uta mchanga, naivaa, nageuka upande wa gari jeupe, naivua, taratibu, mimi mwenyewe safari hii, nainama mpaka naona viatu vyangu, dada, kwa zile mara tatu, dada, na kwa ule wa mbavuni... unamwinamia nani wewe, anauliza Noel, na Yaqdhan ameshusha gongo, anayafuata macho yangu polepole mpaka kwa Pelagia, mpaka kwenye ule mkono mrefu wa gauni, anarudi kwangu, hacheki, na ajue, ajue ana ndugu, na Pelagia anamweka mtoto chini, anasimama, na mpira umo mkononi mwangu, siurushi.