Salamu ya Fundi Cherehani

Injini ya kutafutia mtandaoni ilipobadilisha kanuni zake, tovuti ya fundi wa kutengeneza cherehani mbovu ilisukumwa kurasa za nyuma asikofika mtu, na simu yake ikanuna. Binti yake alivuta kiti, akafungua kompyuta katikati ya vyuma na mafuta.

"Baba, siku hizi wanataka jibu kwanza. Mtu anauliza kwa nini uzi unakatika, sisi tunamsalimia!"

Ukurasa wa kwanza wa tovuti aliuandika marehemu mke wa fundi. Ulianza hivi: "Karibu, mgeni wetu. Umekula? Usishike cherehani ukiwa na njaa, utaivunja." Wateja walizoea kupiga simu wakisema, "Nimekula, sasa nisaidie."

"Hayo ni maneno ya mama yako," fundi alisema.

"Najua, baba. Lakini ukikosa kazi, wewe mwenyewe utakula nini?"

Fundi aliisoma ile salamu taratibu, kisha akaitikia kwa kichwa. Binti aliifuta huku machozi yakimlengalenga.

Baada ya wiki kadhaa tovuti ilirudi mbele, na simu ikaita. Mwanamume mmoja hakusalimu hata kidogo.

"Cherehani yangu inakata uzi. Nifanyeje?"

Fundi aliweka bisibisi chini.

"Karibu, mgeni wetu. Umekula?"

Yule mtu akacheka. "Bado, mzee."

"Basi kale kwanza, nakusubiri."

Binti yake aliacha kupanga sindano, akamsogelea.

"Mwambie ataivunja," alinong'ona.