Tope Kwenye Gauni la Mama

Kitendawili. Haya, umeshasema tega, nami nakutega: wawili wananivuta, huyu huku na yule kule, sisogei, na wote wawili hurudi kwao wakininung'unikia. Usikimbilie kunipa mji. Fikiri, huku nikikusimulia habari za dobi mmoja.

Dobi alikuwa amesimama katikati ya ukumbi wa shule, kipaza sauti mkononi, vidole vimekunjamana kwa maji. Kampuni ya maji ilitaka kupandisha bei. Mbele, peke yake mezani, alikaa mdhibiti wa bei, mtu wa makamo mwenye miwani. Halishwi na kampuni, hatumwi na wateja. Kazi yake kusikiliza huku na huku, kisha kusema bei iwe ipi. Basi umeshajua: ulimi wa mizani.

Madobi walimtuma mwenzao kwa kuwa hakopeshi maneno. Na alianza vizuri.

"Baba, sisi maji hatuyachezei. Yaliyosuuza nyeupe tunafulia za rangi, yaliyofulia za rangi yanamalizia maovaroli ya mafundi. Mkipandisha bei tutafulia nini? Mate?"

Ukumbi ukacheka. Mdhibiti naye alitabasamu, kisha akavua miwani.

"Nimekusikia, mama. Hesabu za kampuni nimezikagua, na walipozidisha nimepunguza. Kilichobaki ni cha kupeleka bomba kilimani. Bei isipopanda, bomba haliendi. Ungekuwa umekaa hapa nilipo, ungefanyaje?"

Dobi akafungua mdomo. Kilimani ndiko alikoishi mama yake. Ndiko mdogo wake alikoteleza masika yaliyopita, akitoka bondeni na ndoo kichwani, asiinuke tena. Mdomo ukabaki wazi. Akarudisha kipaza sauti, akaketi.

"Kesho nitapanda huko nikaone kwa macho," mdhibiti akasema. "Ndipo niamue."

Nje, mwenzake wanayefua naye alimvuta mkono. "Dada, tumekutuma utusemee, wewe umeenda kutunyamazia?"

"Ulimi uliniganda."

"Huo ulimi wako? Huo unaokata sabuni? Nyumbani kwangu wanaokula jasho la mabeseni yetu unawajua."

Dobi akauchomoa mkono, akashika njia.

Kesho yake alipanda kilimani mapema. Mlango wa mama yake ulikuwa wazi, ndani hamna mtu. Akafuata njia ya bondeni, na pale penye mteremko mkali akasimama.

Mama yake alikuwa anapanda kwa makalio. Amekaa chini, mgongo kaelekeza juu, anajisukuma kwa visigino, anapumzika, kisha anaivuta ndoo imfuate. Maji yanaruka kila ndoo inapogonga jiwe.

Kila wiki dobi alilifua gauni lile. Kila wiki alisugua tope jekundu lililoshika upande wa nyuma, akimcheka bibi kizee asiyechagua pa kukaa.

"Mama, si ulisema jirani anakuchotea?"

"Jirani naye ana magoti yake."

"Na lile tope..."

"Ulikuwa unalitoa vizuri, mwanangu. Hata alama haikubaki."

Dobi alishuka, akamwinua mama yake kwa kwapa, akamkung'uta. Tope halikutoka. Alipogeuka alimwona mdhibiti juu ya njia, suruali ameikunja, viatu vyekundu kwa tope. Kwa jinsi alivyoishika miwani mkononi, alikuwa ameona yote.

"Nani huyo?" mama akauliza.

"Yule wa bei."

"Mwambie asiteleze."

Dobi akachungulia ndani ya ndoo: maji yaliyobaki yasingelowesha shati moja. Akilini akayaona mabeseni yao yameinamishwa ukutani, makavu, na mwenzake amekaa juu ya moja, mikono mapajani.

"Jana uliniuliza," akasema.

"Nilikuuliza, mama."

Akaiinua ndoo, akajitwika taratibu, yasimwagike hata hayo.

"Pandisha."