Majibu ya Mjane

Kazi ya Scolastica pale zahanati ilikuwa kuchukua makamasi mara mbili kwa kila mwenye mafua. Ya kwanza aliyapima papo hapo kwa kipimo kipya cha haraka cha korona. Ya pili yalipelekwa maabara kubwa. Huko ndiko ukweli ulikotoka, na kwa majibu ya huko kipimo kipya kilikuwa kinahesabiwa makosa yake. Kwa sababu hiyo hakuruhusiwa kumwambia mtu majibu ya haraka.

Lakini Anjelika alikuwa jirani yake wa Kanazi, naye Anjelika alikuwa akimuuguza mama yake mzazi, mzee. Alikuja kupimwa pamoja na wifi yake Ernesta, mjane wa kaka yake, aliyeishi na wanawe kwenye kiwanja cha mama huyo, mkwewe.

"Daktari, niambie tu," Anjelika alimbembeleza. "Kama ninao, Ernesta atamlisha mama."

Kipimo kilionyesha mstari mmoja, yaani hakikuona kirusi. Scolastica akashindwa na huruma.

"Kamlishe mama yako. Huna kitu."

Ernesta hakuuliza, naye hakuambiwa. Scolastica alishinda siku nzima akijiona mtu mwema. Ulimi uliponza kichwa, walisema wahenga. Kichwa cha nani, hawakusema.

Mama yake Anjelika alishikwa na korona, akazikwa baada ya siku nane. Asubuhi ya kuondoa matanga, majibu ya maabara yakafika: Anjelika alikuwa nacho kirusi, Ernesta hakuwa nacho. Msimamizi wa majaribio ya kipimo alifurahi kweli. "Kosa safi kabisa hili," alisema. "Haya ndiyo tunayoyatafuta."

Scolastica alikwenda msibani na karatasi ya majibu hayo ndani ya mkoba. Alikuwa amekusudia kusema.

Ndikuriyo, mkubwa wa ukoo, akasimama. "Mama yetu aliletewa ugonjwa humu humu nyumbani. Nani aliuleta?"

"Mimi nilipimwa, nikakutwa mzima," Anjelika akajibu huku analia. "Aliyenipima ni huyu hapa."

Watu wote wakageuka. Scolastica akamtazama Anjelika, macho yamemvimba, kisha akaifikiria kazi yake.

"Ni kweli," akasema. "Hakuwa na kitu."

"Na huyu mjane?"

Ernesta aliinua uso akatabasamu kidogo, maana naye alipimwa siku ileile.

"Ya kwake bado hayajarudi," Scolastica akasema.

Ndikuriyo hakuona haja ya kungoja. Alimpa Ernesta mpaka saa kumi awe ameondoka na wanawe, arudi kwao Biharamulo, na migomba yake ibaki. Kisha akamshukuru daktari mbele ya watu, akampakulia nyama kwa mkono wake mwenyewe.

Ernesta alipita na godoro kichwani, watoto wakimfuata. Alisimama mbele ya Scolastica, akapiga goti kwa adabu kama kawaida yake.

"Daktari, yakirudi utanipigia simu?"

"Nitakupigia," alijibu Scolastica.