Mkataba wa Sauti ya Yahaya

Kaka yangu Yahaya alikuwa akitangaza misiba. Alikuwa na bajaji yenye spika juu, na mtu akifariki Mtendeni au Itetemia, hapa Tabora, familia ilimwita yeye kabla hata ya kwenda kuchimba kaburi. Akianza, "Ndugu wananchi, tunasikitika kuwatangazia," wauza vitenge waliacha kupima na redio zilizimwa. Alikufa mwaka jana, lori lilipomgonga upande wa Kigwa. Simu yake ilisagika ndani ya bajaji pamoja naye. Msiba wake ulitangazwa na mtu mwingine, akakosea hata jina la ukoo wetu.

Kabla ya hapo alikuwa amepata kazi ya ziada. Kampuni moja ya ng'ambo ilitafuta watu wa kusoma sentensi za Kiswahili ili mashine zake zijifunze kuongea, na Kiswahili cha Tabora kiliwapendeza. Yahaya alitundika mablanketi kwenye kuta za chumba chake, akafunga dirisha, akawa anasomea kwenye simu maneno ya kila namna: salamu, bei, majina ya siku. Mama alikuwa akimcheka.

"Baba, unaongea na nani humo ndani?"

Alimwita baba kwa sababu Yahaya alipewa jina la babu yetu mzaa mama.

Miezi michache baada ya kumzika, nikiwa kwa muuza chipsi, niliisikia sauti yake. Ilitoka kwenye simu ya mteja aliyekaa karibu nami. "Weka mkeka wako leo, ushinde papo hapo!" Kamari. Kaka yangu, aliyetangaza vifo vya nusu ya mji huu, alikuwa anawaita watu kwenye kamari. Niliacha chipsi mezani.

Mama naye alikuja kuisikia kwa jirani. Hakulia. Aliniuliza tu, "Shamila, sadaka humfuata mtu kaburini. Na hili je? Halimfuati?"

Nilijiandikisha kwenye darasa la Jumamosi la wakili Adelina, aliyefundisha sheria ya mikataba ya kimataifa kwa wafanyabiashara wa mjini. Mimi niliishia kidato cha nne. Wenzangu wengi walikuwa wauza asali waliotaka kupata wanunuzi wa nje kwa njia ya simu. Mmoja wao, Awadhi, alikuwa mtani.

"Dada Shamila, wewe unauza nini nje?"

"Siuzi. Nataka kurudishiwa."

"Basi umekosea foleni. Hii ni ya kuuza."

Nilijifunza kwamba kubofya kitufe ni sawa na kusaini. Nilijifunza kwamba mtu wa Tabora anaweza kukubali, akiwa amelala kitandani kwake, kuhukumiwa kwa sheria ya nchi asiyoijua, na ugomvi wake ukaamuliwa na msuluhishi ambaye hatakutana naye kamwe. Kisha nikausoma mkataba wa Yahaya, Adelina akinieleza kifungu kwa kifungu. Ulisema msemaji akifa mkataba unakoma, na rekodi zote zinarudi kwa familia, isipokuwa mrithi akubali uendelee.

Mrithi alikuwa amekubali. Tulipouliza, kampuni ilitutumia rekodi ya simu iliyopigwa kwa mama.

"Shikamoo, mama." Ilikuwa sauti ya Yahaya, tulivu, kama anavua viatu mlangoni.

"Marahaba, baba."

"Mimi ni msaidizi wa kompyuta. Mkataba wa sauti ya Yahaya unahitaji kibali cha mrithi ili uendelee. Je, unakubali?"

Kuku wetu wanasikika.

"Nakubali, mwanangu."

Adelina aliizima. "Hii ni hadaa," alisema. "Huwezi kumtumia marehemu kumwomba kibali mama yake. Tukithibitisha kwamba alidhani ni mwanawe, kibali kinaanguka, na rekodi mnarudishiwa."

Kulikuwa na njia nyingine. Mrithi angeweza kujitoa wakati wowote, lakini akijitoa kampuni inafuta kila kitu na hairudishi chochote. Sisi hatukuwa na sauti ya Yahaya mahali pengine popote. Nilimwambia Adelina njia hiyo siitaki.

Nyumbani nilimuuliza mama, "Ulipojibu, ulidhani ni Yahaya?"

"Nilimjibu mwanangu," alisema. Nikaandika hivyo kwenye maelezo yetu.

Siku ya shauri tulikaa ofisini kwa Adelina mbele ya kompyuta. Msuluhishi alikuwa mwanamke mzee mwenye sauti ya upole. Mkalimani alikuwepo, na wakili wa kampuni, kijana aliyetupa pole kabla ya kuanza. Mama aliapa kwa msahafu.

"Bi Zamda," wakili yule aliuliza, "ulijua kwamba anayeongea nawe ni mashine?"

"Nilijua."

Adelina alifumba macho.

"Nilimwona mwanangu akitolewa nyumbani amefunikwa," mama aliendelea. "Sijapotewa na akili. Na yenyewe ilisema ni kompyuta."

"Basi kwa nini ulikubali?"

"Iliniamkia. Sauti ile iniambie shikamoo, niitikie, halafu niseme hapana? Sijawahi kumnyima kitu kwa sauti ile. Na niliogopa nikikataa itakata simu."

Mkalimani alitafsiri kwa maneno machache mno. Msuluhishi aliandika, akasema kwa masikitiko kwamba mtu aliyejua anaongea na nini hawezi kusema alihadaiwa. Akatupa muda wa kushauriana.

Nilimweleza mama ile njia ya pili.

"Watafuta yote?" aliuliza. "Hata ile ya shikamoo?"

"Yote, mama."

"Na sisi tutabaki na nini?"

"Hatutabaki na kitu."

"Tukiiacha?"

"Itaendelea kuita watu wacheze kamari."

Nilitamani akatae kujitoa. Nilikuwa nimeisikiliza ile rekodi ya simu mara nyingi kuliko nilivyomwambia, nayo pia ilipaswa kufutwa kwenye simu yangu. Alivuta mtandio wake vizuri kichwani.

"Waambie wanisikilize."

Kompyuta ilifunguliwa tena. "Mimi Zamda binti Yahaya," alisema, "mrithi wa Yahaya bin Mustafa, najitoa. Futeni."

Wakili wa kampuni alisogea karibu na kamera. "Samahani, Bi Zamda. Mashine haikunasa vizuri. Tafadhali rudia."

Akarudia, kwa sauti kubwa zaidi, neno kwa neno.

Nilifuta rekodi yangu pale pale, Adelina akishuhudia. Uthibitisho wa kampuni ulikuja wiki iliyofuata. Nilipomsomea mama, aliniagiza nikanunue mchele na nimwite shehe, tusome hitima.

Majirani walikuja, wakavua viatu, wakakaa mkekani. Jirani mmoja aliniinamia akauliza hitima ni ya nani. Mama alimsikia.

"Ya Yahaya," alisema.

"Bi Zamda, si mlishasoma mwaka jana?"

"Tulisoma," mama alijibu, akimsogezea juzuu. "Mwaka jana tulizika mwili."