Toleo la Sitini na Moja

...si bahasha, bahasha ingejikunja kivivu, na si picha, picha haina mgongo na hiki kina mgongo, vidole vimekipapasa mara moja tu juu ya bitana na vimeshajua, mgongo mwembamba, pini mbili, moja juu moja chini, na mkono uliopekua mifuko ya watu miaka ishirini na tisa haubahatishi, ukisema pini ni pini, "vilikuwa sita, mama," anasema msichana ng'ambo ya kaunta, "hiki cha juu kilikatika lakini ninacho, kimo humu humu, ngoja," na mkono wake wote umezama ndani ya pochi, unapindua funguo, leso, sijui nini, haya mwanangu, tafuta, tafuta taratibu, kifungo hakina miguu, kwa sababu kilicholala ndani ya koti hili la babu yako, kati ya sufu na bitana, chini kabisa karibu na pindo, kina upana anaoujua dobi huyu kuliko upana wa kiganja chake mwenyewe, upana uleule wa mifuko ya nailoni ya mashati anayoikata na kuiziba kwa ncha ya pasi, mifuko sitini iliyopangwa kabatini kwake, juu, mbali na unyevu, kila mmoja na toleo lake la jarida la katuni, Ghorofa ya Tisa, la kwanza mpaka la sitini, na mfuko mmoja mtupu, wa sitini na moja, ambao mwezi uliopita aliutoa kabatini kwa mkono wake akautia soksi... usikimbilie, mama, usikimbilie, huenda ni kitabu cha sala, huenda ni ratiba ya garimoshi, ratiba nazo zina pini, "babu alilivaa kila siku kazini," anasema msichana kichwa kikiwa ndani ya pochi, "mvua, jua, yeye na koti lake, getini pale kwenye kile kiwanda cha kuchapa kilichofungwa," na hapo mkono wa dobi unasimama.

Kiwanda cha kuchapa. Getini. Umesikia vizuri, masikio hayo hayajazeeka, na sasa harufu ya koti inapanda, tumbaku, vumbi, dawa ya nondo, na yeye ana miaka kumi na mitatu, soksi moja imeshuka, amekuja kwa miguu toka shule kuuliza kwa nini mwezi umepita na wiki mbili juu yake na Ghorofa ya Tisa haijatoka, maana toleo la sitini lilimwacha Mwendesha Lifti anaporomoka, yule shujaa mwenye kofia nyekundu ambaye mchana huwabonyezea wakubwa vitufe, "ngapi, mzee?", na shida ikitokea huchomoka dirishani ghorofa ya tisa akaruka angani kama ndege, lakini ndani ya lifti hawezi kuruka, hiyo ndiyo sheria yake tangu toleo la kwanza, na waya umekatika, na mlango umekwama, na chini ya picha ya mwisho neno moja tu, Itaendelea, na mtoto wa miaka kumi na mitatu atalalaje na neno kama hilo, basi aliandika barua kwa mhariri, akaipeleka posta mwenyewe, akangoja, akachoka kungoja, akaenda, na geti lina mnyororo, na kando yake mlinzi amekaa kwenye kigoda katikati ya jua na koti lake kubwa la kijivu, anacheka peke yake, na juu ya goti lake limefunguliwa jarida ambalo msichana hajapata kuliona, limemgeukia kichwa chini miguu juu, lakini tarakimu ni tarakimu hata zikisimama kwa kichwa, sita na moja kwenye pembe, si moja na tisa, na ukurasa wa barua, na kwenye ukurasa wa barua jina lake, majina yote matatu, la kwake na la baba na la babu, akanyoosha mkono, na papo hapo gari la mkubwa likapiga honi, mlinzi akaruka kama aliyefumaniwa, akalichomeka jarida mfuko wa ndani, akafungua geti, akafunga geti, akamwambia, "Kumefungwa, mtoto, hakuna vitabu tena, nenda nyumbani," na kesho yake alikuta mlinzi mwingine, kijana, hana koti hata la kusingiziwa.

Na nyumbani je, afadhali angenyamaza, "jina langu limeandikwa!" na kaka mkubwa akaliacha tonge mkononi, "limeandikwa wapi, tuoneshe," na hakuna duka lililokuwa nalo, wauza magazeti wote walisema biashara imekufa, la mwisho ni la sitini, na kaka akanyanyua kidole, njia ya mwongo ni fupi, akasema, fupi, eti, njia yenyewe imefika miaka thelathini na sita sasa na bado mtu anaitembea, na tangu siku hiyo akaitwa Sitini na Moja, na lingekoma kwenye jina angevumilia, lakini liligeuka neno la nyumba nzima, mjomba akisema aliwahi kukimbiza chui watu wanasema hiyo sitini na moja, shemeji akisema yuko njiani anakuja, hiyo sitini na moja, hata mwanawe mwenyewe, wa kumzaa, siku moja alipomwambia kwamba ujanani alikuwa na kiuno cha nyigu, "mama, hiyo sitini na moja," na kila mtu akacheka, naye akacheka, akaingia jikoni akasimama mbele ya sufuria isiyo na kitu mpaka macho yakauke, kwa kuwa mtoto hakujua, mtoto alidhani ni neno tu kama maneno mengine... "au kimo kwenye hiki kijimfuko cha zipu," anasema msichana, hapana, si hicho, lakini angalia, mwanangu, angalia, na mfuko wa ndani wa koti, wacha tuone, mkono unaingia, vidole vinafika chini ya mfuko na chini hakuna chini, kuna tundu, tundu la kupitisha ngumi, "ee, huo mfuko!" msichana anacheka, "babu alisema huo mfuko una njaa, ulimmezea miwani, ulimmezea kitana," na ulimmezea nini kingine, ulimmezea nini siku ile alipochomeka kwa haraka, mkubwa akipiga honi...

Taratibu. Karatasi ya zamani ni kama mgonjwa, haivutwi kwa ncha, inabebwa chini ya mgongo, hilo kila mtu anajua katika chumba cha nyuma cha Fundi Saa, Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, wakusanyaji saba na matoleo yao, mikono imenawishwa, marufuku kulamba kidole, marufuku chai mezani, na yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha kunyoosha jalada kwa pasi ya uvuguvugu juu ya kitambaa cha pamba, baada ya kujifunza kwa aibu, maana toleo la kumi na saba alilipiga pasi kwenye meza ya kazi bila kitambaa chini, wino ukabaki mezani, na shati jeupe lililofuata lilikuwa la mwalimu mkuu, ambaye aliongoza gwaride zima la asubuhi na Mwendesha Lifti mgongoni, ngumi juu, kofia nyekundu, wanafunzi mia nne wakipiga saluti kwa moyo ambao hajauona kabla wala baada, he, yule mzee, alidhani hotuba imewagusa... taratibu, dole gumba chini, kinapanda, kinakwaruza bitana, na Fundi Saa mwezi uliopita, miwani yake ya jicho moja imepandishwa kwenye paji la uso, na lile daftari lake lenye matoleo sitini yaliyoandikwa kwa wino wa kijani, akamwambia kwa upole, na upole ndio uliomuuma, "dada yangu, tumekusikiliza miaka kumi na miwili, huo mlango wa darini mwa lifti unaosema ulimwandikia mhariri haukuchorwa hata mara moja katika matoleo yote, na hilo toleo lako halijaonwa na mtu, tufunge hesabu ya jarida, tupige mstari," na wote wakaangalia sakafu, watu wema wale, wanampenda, na yeye akasikia sauti yake mwenyewe ikisema labda niliota, nilikuwa mtoto, jua lilikuwa kali, pigeni tu mstari, na rula ikawekwa chini ya sitini na mstari ukapigwa, na aliporudi nyumbani alitia soksi kwenye ule mfuko, na kilichomtia hofu si kwamba amesema uongo, ni kwamba hakujua tena ni lini alikuwa akisema uongo, zamani zote zile au siku hiyo.

Kona imetoka. Nyekundu, nyekundu ya kofia, imepauka lakini ni ileile, sasa na ncha ya kofia, na ngumi, na juu kulia, ndani ya duara la njano, sita, na moja. Sita na moja, sita na moja, haipo kichwa chini sasa, imesimama wima kama mtu mwenye adabu zake, sitini na moja, aliliona, aliliona, hakuota, jua halikuwa kali wala nini, mtoto yule mwenye soksi iliyoshuka alikuwa na macho na macho yaliona, lo, kaka yangu, kaka mkubwa uliyeacha tonge, ungekuwepo hapa kwenye kaunta hii ungelimeza hilo tonge leo, na vidole vinajua penye barua, ukurasa wa kati, vinafungua, pini zimeshika kutu lakini zimeshika, na jina lake lipo pale, la kwake, la baba, la babu, yote matatu yametulia kwenye wino kana kwamba hayakuwahi kuitwa uongo, na chini yake maneno yake ya utoto ambayo siku ile hakuwahi kuyafikia, Mhariri mpendwa, nakuomba usimuue, mama yangu hufagia jengo lenye lifti, na mimi nimemwona fundi akitokea juu, darini mwa lifti pana mlango mdogo, akipita hapo atakuwa nje ya lifti, na akiwa nje si anaruka? na chini zaidi, kwa herufi za mlazo, jibu, miaka thelathini na sita jibu lilikuwa limelala kwenye koti, Mpenzi msomaji, mchoraji wetu alikuwa amekaa siku tisa na penseli mdomoni, alipoisoma barua yako aliitoa, asante, tazama ukurasa wa nne, na anatazama ukurasa wa nne, na huyo hapo, Mwendesha Lifti, amechomoka kwa mlango wa darini, mabega kwanza, lifti inaanguka chini yake tupu, na yeye anapanda, anapanda, kofia haijadondoka, yu hai, wee, yu hai, ameokoka kwa mtoto wa mfagizi, kwa huu mkono hapa wenye harufu ya sabuni, na dobi anataka kupiga kigelegele na anakimeza, kinashuka na joto lake mpaka tumboni.

"Mama, vipi huko, pamechanika?" hapana, mwanangu, hapajachanika, yaani pamechanika, na hapa sasa ndipo penyewe, maana duka hili lina sheria moja na sheria ni yake mwenyewe, kilichotoka mfukoni kinarudi mkononi, amerudisha pete, amerudisha meno ya bandia, amerudisha barua ambazo huenda zingevunja ndoa, hajauliza, hajasoma, na kuna tundu kwenye mfuko na hakuna aliyeona, kabati lipo, soksi zinatolewa dakika moja, nani atajua... yeye atajua, ndiyo, lakini si hilo tu, kitu kingine cha ajabu kinamjia, kinamshangaza yeye mkusanyaji aliyewahi kuamka alfajiri akavuka mji kwa ajili ya toleo la ishirini na mbili lenye jalada zima, kwamba halihitaji, analitaka, lo, analitaka kuliko chakula, lakini halihitaji, likienda na msichana huyu, likifungiwa vitumbua, jina liliandikwa na yeye aliliona mara mbili, basi analiweka kaunta, taratibu, mgongo kwanza, "hiki kilikuwa ndani ya bitana, ni cha babu yako."

Msichana anatoa kichwa kwenye pochi. "Yesu wangu, kumbe kilikuwa humo? Hiki kitabu! Babu alimlaumu bibi kwamba ndiye aliyekiwashia jiko, mpaka bibi anakufa walikuwa wanakigombania," na anacheka, kisha hacheki, "maskini bibi, na alikuwa anaapa," naam, alikuwa anaapa, dobi anajua kuapa kwenyewe kulivyo, anatamani angemjua bibi yule wakaapa wote wawili, "sasa mimi leo nazunguka mjini, kitaharibika kwenye pochi hii, kikae na koti, mama, nitavichukua pamoja Jumatatu," Jumatatu, anasema Jumatatu, na leo ni Alhamisi, na kati ya Alhamisi na Jumatatu ipo Jumamosi, Jumamosi ya mwisho, chumba cha nyuma, mikono imenawishwa, daftari la wino wa kijani, na rula, Fundi Saa utaufanyaje ule mstari, utaufuta na nini, atangoja wote wakae, hatasema neno, atalitoa kwenye nailoni, ama hapana, kwanza atamruhusu Fundi Saa aseme ile ya kila mwezi, haya, kuna aliyepata jipya... na kaka naye ataitwa, atakaa karibu na mlango, na mwanawe dobi, yule wa kiuno cha nyigu, aje pia, waje wote, na kalamu iko mkononi tayari, inaandika kwenye kitabu cha risiti, koti moja la sufu, kijivu, vifungo vitano, na kwenye mstari wa vilivyokutwa mfukoni, ambako kwa kawaida huandika leso au tiketi, anaandika kwa herufi kubwa, bila haraka, Ghorofa ya Tisa, toleo la 61, moja, zima, anapiga muhuri wa duka juu yake, anapuliza wino ukauke, na koti lipo palepale lilipokuwa, na feni inazunguka, na msichana amesharudi kwenye pochi yake, "na hiki kifungo jamani, nilikishika asubuhi... mama, nikija Jumatatu nisipokukuta nimuulizie nani?" na jina linamjia mdomoni lenyewe, lile la tonge na la kidole kilichonyanyuliwa, jepesi, safi, limetoka kwenye pasi.

"Ulizia Sitini na Moja," anasema. "Mtaa mzima wananijua."